Pia ya goti inayotoka mahali pake kwa mbwa wadogo: uzi wa kusaidiana

Nyayo_Nne:

Wadau, habari zenu.

Maswali ya pia ya goti yanajirudia sana kwenye nyuzi za Chihuahua, Pomeranian na Yorkshire Terrier, na majibu huja vipandevipande. Mmoja anasema kimbilia upasuaji, mwingine anasema mwache ndivyo alivyoumbwa, wa tatu anataja kidonge. Kazi yangu ni kuwafanyisha mazoezi mbwa wenye matatizo ya mifupa na viungo, kwa maelekezo ya daktari, na goti la nyuma la mbwa mdogo ndilo ninaloshika kuliko kiungo kingine chochote. Naomba tuliongelee hapa kwa kirefu.

Dalili yenyewe mnaijua hata kama hamjui jina lake. Unatembea naye, anakwenda vizuri, ghafla mguu mmoja wa nyuma unapanda. Hatua tatu nne anarukaruka kwa mitatu, anaurusha ule mguu nyuma kama anayekung'uta maji, kisha anaushusha na safari inaendelea. Halii. Hageuki hata kuuangalia. Wengi hudhani amekanyaga kitu, wanakagua unyayo, hawakuti chochote, wanasahau mpaka siku nyingine.

Pia ya goti ni kijifupa kilicholala ndani ya kano ya misuli mikubwa ya mbele ya paja. Mbwa akikunja na kukunjua goti, pia hupanda na kushuka ndani ya mfereji ulio mwisho wa mfupa wa paja, kama kamba kwenye kapi. Kano hiyo inaendelea chini hadi kwenye kinundu cha mbele cha mfupa wa muundi. Misuli, mfereji na kinundu vikiwa kwenye mstari mmoja, hakuna tatizo. Kwa mbwa wengi wadogo mstari huo umepinda tangu wakiwa wanakua: mfereji hauna kina cha kutosha, mfupa wa paja umejikunja kidogo, kinundu kimeelekea ndani. Misuli ikivuta, pia inaruka ukingo wa mfereji na kukaa pembeni, mara nyingi upande wa ndani. Kutoka upande wa nje huonekana zaidi kwa mbwa wakubwa, ingawa wadogo nao hupata. Ikishatoka, goti halinyooki sawasawa. Mbwa anaunyoosha mguu nyuma, misuli inalegea, pia inarudi. Ule mrusho mnaouona ni yeye mwenyewe anairudisha.

Kwa hiyo kwa walio wengi hii si ajali wala si kosa la aliyemwacha aruke kwenye kochi. Ni umbile, na kwa sehemu kubwa ni la kurithi. Utafiti uliochapishwa 2016 kutokana na rekodi za kliniki za kawaida za mifugo kule England ulikuta tatizo hili kwa takriban asilimia 1.3 ya mbwa wote, huku Pomeranian, Chihuahua, Yorkshire Terrier na French Bulldog wakiwa miongoni mwa waliotangulia. Na mara nyingi ni magoti yote mawili, hata kama unaona mguu mmoja tu ukipanda.

Madaktari hulipanga kwa madaraja manne. La 1, pia inatoka ukiisukuma kwa kidole na ukiachia inarudi. La 2, inatoka yenyewe mara kwa mara na kurudi yenyewe au mbwa akinyoosha mguu. La 3, muda mwingi iko nje. Daktari anaweza kuirudisha kwa mkono, akiachia inatoka. La 4, iko nje moja kwa moja na hairudi hata kwa mkono.

Sasa jambo langu kubwa ni hili: daraja linaeleza pia inafanya nini mikononi mwa daktari. Halielezi mbwa anaishije. Nimewashika wa daraja la 2 ambao paja limesinyaa kwa kukwepa mguu, na nimewashika wa daraja la 3 wenye misuli iliyojaa, wanaotembea safari ndefu bila kuchechemea. Kinachoamua ni mwenendo wa kuchechemea mwezi hadi mwezi, hali ya misuli na maumivu. Na kazi ya nyumbani inaanza siku ileile unapoambiwa, awe wa kufanyiwa upasuaji au la. Nitaiweka kwenye posti inayofuata.

Mama_Pipi:

Asante sana Nyayo, umenieleza mtoto wangu Pipi bila kumwona. Pomeranian, jike, ana miaka mitatu. Daktari wa kwanza alisema daraja la 2, apasuliwe. Wa pili alisema tumwangalie kwanza. Nimebaki katikati, usiku silali. Nani nimwamini?

Nyayo_Nne:

Dada, pole. Inawezekana wote wawili hawajakosea, kwa sababu daraja la 2 ndilo lenye uwanja mpana kuliko yote. Yuko anayeruka hatua mbili mara moja kwa mwezi, na yuko anayeruka kila anapotoka nje. Wote wameandikiwa 2.

Kabla ya kuamua, fanya mambo mawili. La kwanza, mrekodi kwa simu akitembea taratibu: akija kwako, akienda, na kwa ubavu, kwenye sakafu isiyoteleza. Mbwa wengi wakifika kliniki wanatembea vizuri kabisa kwa woga, na daktari anabaki na maneno yako tu. La pili, weka daftari. Kila akipandisha mguu andika siku, alikuwa anafanya nini, na aliushusha baada ya muda gani. Baada ya wiki kadhaa daktari hatakuwa anakisia tena.

Wakati huo anza kazi ya nyumbani, na ya kwanza ni uzito. Nalisema hili kila siku na bado naona halijaaminika. Mbwa wa kilo 3 akiongezeka gramu 300, ameongeza sehemu ya kumi ya mwili wake, na mzigo huo unapita kwenye goti ambalo tayari linavutwa upande. Mizani ya bafuni haioni tofauti hiyo vizuri, kwa hiyo mpime kwenye mizani ya kliniki. Nyumbani tumia vidole: vilaze ubavuni bila kukandamiza. Mbavu uzihisi mojamoja chini ya ngozi, kama unavyohisi vifupa vya mgongo wa kiganja chako mwenyewe. Ukilazimika kubonyeza ndipo uzikute, amenenepa. Mtazame na kutoka juu, awe na kiuno. Madaktari hutumia kipimo cha umbo cha 1 (amekonda kabisa) hadi 9 (amenenepa kupita kiasi), na mbwa wa namna hii anatakiwa awe 4 au 5, tena mimi hupenda 4.

Chakula pima kwa gramu kwenye mizani ya jikoni, usitumie kikombe. Kwa mbwa mdogo, kijilima kidogo juu ya kikombe ni sehemu kubwa ya mlo wake wa siku. Vitafunio visizidi asilimia 10 ya chakula cha siku, na kila mtu ndani ya nyumba ajue, maana mara nyingi mmoja anapunguza na watatu wanaongeza. Akishafungwa kizazi mahitaji yake ya chakula yanashuka, hapo punguza mapema kabla hajanenepa.

Yorki_Wetu:

Mkuu na sakafu je? Nyumba yote ni vigae, na huyu wangu akisikia mlango unafunguliwa anakimbia miguu inakwenda pande nne.

Nyayo_Nne:

Hiyo sakafu ni adui wa goti lake kweli. Mguu ukiteleza pembeni, misuli inakaza ghafla ili kumzuia asianguke, na ule mvuto wa ghafla ndio unaoitoa pia. Tandika mikeka au mazulia yenye mpira chini kwenye njia anazopita: mlangoni, penye bakuli lake, pale anaposhukia kochini. Si lazima nyumba nzima.

Kisha mgeuze unyayo uuangalie. Yorkshire, Shih Tzu, Maltese na Pomeranian huota manyoya katikati ya vidole mpaka yanafunika vile vibonge vya ngozi vinavyoshika sakafu. Anakuwa anatembea juu ya nywele. Yapunguze kwa mkasi wenye ncha butu au mashine ndogo, usawa wa vibonge. Kucha nazo: ukizisikia zinagonga kigae akitembea, ni ndefu, zinamnyanyua vidole na kumfanya asimame vibaya.

Kuhusu kuruka, weka ubao wa mteremko au ngazi ndogo penye kochi na kitanda, wenye kitambaa cha kushika. Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni ile densi ya kukupokea, mbwa akisimama kwa miguu miwili ya nyuma na kujizungusha. Pale goti limebeba mwili wote huku linasokotwa. Mzoeshe kwamba hasalimiwi mpaka miguu minne iko chini. Inachukua muda na inahitaji kila mgeni ashirikiane, lakini inawezekana.

Binti_wa_Koko:

Samahani naingilia. Nina Chihuahua wa kilo 3, leo anachechemea sana. Nyumbani kuna vidonge vya meloksikamu vya babu vya goti, vya miligramu 7.5. Nimesoma kwamba mbwa nao wanapewa meloksikamu. Naweza kumkatia nusu?

Nyayo_Nne:

USIMPE, dada. Tafadhali. Hata nusu, hata robo.

Piga hesabu hii. Kiwango cha kawaida cha meloksikamu kwa mbwa ni miligramu 0.2 kwa kila kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 kwa kilo kwa siku, kwa maelekezo ya daktari. Mbwa wa kilo 3 anahitaji miligramu 0.3 kwa siku. Kidonge cha babu ni mara 25 ya hiyo. Nusu yake ni zaidi ya mara 12. Huo ni mwendo wa kutoboa tumbo na kuua figo. Ndiyo maana dawa ya mbwa mdogo hutolewa ya maji, yenye bomba lililowekwa alama za kilo.

Na hiyo angalau ni dawa ambayo mbwa hupewa. Ibuprofeni, diklofenaki, naprokseni ni hatari kwao hata kwa kiasi kidogo. Parasetamoli nayo usiiguse bila daktari. Tena meloksikamu na dawa za jamii yake zisichanganywe na steroidi, kwa hiyo daktari ajue kila kitu alichopewa karibuni, hata ile dawa ya kuwashwa.

Leo mpunguzie mwendo, abaki sehemu ndogo isiyoteleza, na piga simu kliniki. Je, anauweka mguu chini kabisa au hauweki?

Binti_wa_Koko:

Hauweki. Tangu asubuhi. Ana miaka tisa, na pia yake hutoka tangu mdogo lakini hushusha mguu baada ya sekunde chache. Vidonge nimevirudisha kabatini.

Dkt_Kwato:

Dada, mimi ni daktari wa mifugo. Huyo anatakiwa kuonwa leo, kesho ikichelewa sana.

Wadau wengine nisomeni hapa, maana hili linapotea mara nyingi. Mbwa wa makamo au mzee ambaye pia yake imekuwa ikitoka na kurudi kwa miaka, siku akikataa kabisa kukanyaga, tusiseme ni lile tatizo lake la kila siku. Ndani ya goti kuna kano inayozuia muundi usiteleze mbele. Goti lililopinda kwa miaka huichosha kano hiyo, na siku moja inakatika, wakati mwingine kwa kuruka kidogo tu. Kuchechemea kwa pia ya goti huja na kuondoka. Kwa kano iliyokatika mguu unabaki juu, goti linavimba, na mbwa akikaa chini anautoa ule mguu pembeni badala ya kuukunja chini yake. Matibabu yake ni tofauti, na wengi huhitaji upasuaji wa kurekebisha vyote viwili kwa pamoja.

Kwa upande wa vijana, mbwa mdogo ambaye hajafikisha mwaka na anachechemea mfululizo, nakagua nyonga pia. Kuna ugonjwa wa kichwa cha mfupa wa paja kukosa damu na kuoza, unaoitwa Legg-Calvé-Perthes, unaowapata haohao wadogo kwa umri huohuo. Nimeletewa mbwa ambao goti ndilo lililolaumiwa kwa miezi, kumbe maumivu yako nyonga.

Na kama mbwa anaburuta miguu yote miwili ya nyuma au hasikii ukimbana kidole, hilo ni la uti wa mgongo. Usisubiri hata saa.

Mama_Pipi:

Daktari karibu sana. Naomba kuuliza, wa kwanza hakumpiga eksirei, alimshika tu goti akasema daraja la 2. Je, inatosha?

Dkt_Kwato:

Kwa kutambua tatizo, ndiyo, mkono ndio kipimo kikuu. Namchunguza amesimama, kisha amelala ubavu, nakunja na kunyoosha goti huku naisukuma ile pia ndani na nje, nazungusha na unyayo. Akijikaza kwa woga tunampa dawa ya kumtuliza kidogo. Eksirei inaweza kuonyesha pia ikiwa mahali pake kabisa, kwa sababu wakati wa picha haikuwa imetoka, na haimaanishi yuko salama. Umuhimu wa eksirei ni kuona mifupa imepinda kiasi gani, yabisi, yaani uchakavu wa kiungo, imefika wapi, nyonga ikoje. Tukifikiria upasuaji, hapo haiepukiki.

Yorki_Wetu:

Mkuu Nyayo, kuna vile vishikizo vya goti vya kuvaa. Vinauzwa kwa maneno matamu sana. Vinasaidia?

Nyayo_Nne:

Kwa tatizo hili, siwezi kukushauri uwekeze matumaini yako hapo. Paja la mbwa mdogo ni nene juu na jembamba chini, kwa hiyo kishikizo kinateleza kuelekea chini kila anapopiga hatua. Ukikikaza kisiteleze, kinachubua ngozi ya ndani ya paja. Na hata kikitulia, pia ya goti ni ndogo sana na iko ndani. Kitambaa cha nje hakiizuii kuruka ukingo. Kinaweza kumpa joto na kumkumbusha mguu wake, hilo ndilo nililoliona. Hatari yake ni kumwachia avae siku nzima, misuli ikazidi kulegea.

Vidonge vya glukosamini na kondroitini navyo naulizwa kila wiki. Ushahidi wake kwa mbwa ni dhaifu. Mafuta ya samaki yenye omega-3 yana ushahidi bora zaidi kwa viungo vyenye yabisi, ila mafuta ni mafuta, yahesabu kwenye chakula cha siku, na kiwango akupangie daktari. Hakuna kati ya hivyo kinachoirudisha pia mahali pake.

Kinachoishikilia ni misuli. Hapo ndipo nguvu zenu ziende.

Anza na matembezi ya kila siku, mafupi, kwa kamba na mkanda wa kifuani. Dakika 10 asubuhi na 10 jioni zinajenga kuliko saa nzima siku moja ya mapumziko, ambayo inamchosha na kumwacha akichechemea siku mbili. Mwendo uwe wa POLEPOLE. Mbwa mdogo akikimbia kidogo tu, anaweza kuuficha mguu mbovu na kuuruka bila wewe kuona. Akitembea taratibu analazimika kuweka kila mguu chini na kuubebesha mwili. Akishazoea tafuta mwinuko mdogo, mpandishe taratibu.

Zoezi la pili ni kukaa na kusimama. Mweke karibu na ukuta, upande wa mguu mbaya ukiwa ukutani, ili asiutupe nje anapokaa. Mshawishi akae, magoti yote yamekunjwa sawa, kisha asimame bila kuruka mbele. Anza na mara tano. Ukiona anasukuma kwa mikono ya mbele, au kitako kinaangukia upande mmoja, amechoka, acha hapo hata kama ni ya tatu.

La tatu, fimbo zilizolazwa chini kwa nafasi sawa, azivuke akitembea. Zisiinuke kutoka chini kupita kifundo chake cha mguu wa nyuma. Hapa mbwa anafikiria kila mguu, na ndilo zoezi ninalolipenda kuliko yote kwa sababu linamrudishia kuuamini mguu aliokuwa ameusahau. Kwenye kliniki zenye mashine ya kutembea ndani ya maji ni bora zaidi, maana maji yanabeba uzito huku misuli inafanya kazi. Kuogelea kunafaa baadhi, ila wadogo hupata baridi haraka na wengine hupiga maji kwa mikono tu, miguu ya nyuma imening'inia.

Pima paja kwa futi ya fundi cherehani kila baada ya wiki mbili. Alale ubavu, mguu umenyooka kidogo, pima juu kabisa karibu na kinena, mguu huu na ule. Andika. Tofauti ikipungua, mnakwenda vizuri. Ikiongezeka huku mnafanya mazoezi, anauacha mguu kwa sababu kuna maumivu, mrudishe kwa daktari.

Yote haya aruhusiwe kwanza na aliyemchunguza.

Sauti_ya_Zizi:

Naomba nitofautiane kidogo. Mazoezi sawa, lakini kila pia inapovuka ukingo inasugua gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Gegedu ikiisha hairudi. Mnaposema tusubiri tuone maumivu, mbwa hawa wanaficha maumivu. Wa kwangu alipasuliwa magoti yote mawili, daraja la 3, na leo anakimbia. Natamani kila mtu asingojee.

Dkt_Kwato:

Ndugu, hoja yako ya gegedu ni ya kweli, na ndiyo sababu ninahesabu mara ngapi inatoka. Daraja la 1 asiye na dalili sipasui. Kisu nacho kina madhara yake na goti hilo linaweza kukaa hivyo maisha yote. Daraja la 2 anayechechemea mara kwa mara, au ambaye daftari linaonyesha anazidi, naongea upasuaji na wenyewe. La 3 na la 4 wenye dalili, kwa kawaida ndiyo, mapema kuliko baadaye.

Kundi ambalo kungoja kunaharibu kabisa ni watoto. Mbwa wa miezi minne mitano ambaye pia iko nje muda wote, misuli inauvuta mfupa unaokua upande mmoja, na kila wiki unapinda zaidi. Huyo asikae kusubiri akue. Kinundu cha muundi hatukihamishi kabla sehemu yake ya ukuaji haijafunga, kwa hiyo tunaanza na tishu laini na mfereji, na pengine atarudi mara ya pili akishakua.

Upasuaji wenyewe si kitu kimoja. Tunachimba mfereji uwe na kina: tunakata kipande cha mfupa pamoja na gegedu yake juu, tunapunguza mfupa wa chini, tunakirudisha kipande kimezama, gegedu inabaki hai. Tunakata kinundu cha muundi na kukisogeza kwenye mstari, tunakishika kwa pini. Tunakaza utando wa goti upande wa nje na kulegeza wa ndani. Wa daraja la 4 wengine huhitaji kunyooshwa mfupa wa paja wenyewe. Muulizeni daktari wenu atafanya yapi kati ya hayo na kwa nini. Mfereji ukichimbwa vizuri lakini mstari ukaachwa umepinda, pia itatoka tena.

Matatizo yanayoweza kutokea: pia kutoka tena, pini kusogea na kusumbua ngozi, maambukizi, kinundu kung'oka kama mbwa ataruka mapema. Wengi hupona vizuri. Yabisi iliyokwisha kuanza haifutiki, inaendelea taratibu.

Sauti_ya_Zizi:

Asante daktari, nimekuelewa. Niongeze la nyumbani baada ya kisu, maana hili hatukuandaliwa vya kutosha.

Andaeni kizimba kabla ya siku yenyewe, awe anaweza kusimama na kugeuka, asiweze kuruka. Kwenda haja ni kwa kamba, dakika chache, na taulo lililokunjwa limepita chini ya tumbo ukilishika juu kama mpini. Unabeba uzito kidogo tu, yeye ndiye anayetembea. Taulo lisisukume mshono.

Kola ya koni isivuliwe hata akikuangalia kwa macho ya kuomba. Ulimi wa mbwa unafungua mshono kwa muda mfupi sana.

Wiki ya pili ndiyo ngumu. Anajisikia mzima, anataka kochi lake, na mfupa bado haujashika. Daktari wetu alituambia wiki 6 hadi 8, mpaka eksirei ithibitishe, na tulifuata. Wa kwetu aligusa vidole chini ndani ya siku chache, kisha akaanza kukanyaga kidogokidogo. Goti la pili lilifanywa baada ya la kwanza kupona.

Nyayo_Nne:

Nakuunga mkono kabisa kwa hili la wiki ya pili. Chakula kipunguzwe pia kipindi hicho, maana hatembei. Na msiyafanye mazoezi niliyoyataja juu mpaka daktari aruhusu. Mwanzoni ni kukunja na kunyoosha goti taratibu akiwa amelala, na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 10 hivi, siku za kwanza.

Kuhusu kutofautiana kwetu, nadhani tunasema kitu kimoja. Kusubiri bila kufanya lolote nakupinga kama wewe. Kungoja kwa daftari, mizani na futi mkononi ni jambo jingine, na likionyesha anazidi kuharibika, mimi mwenyewe namwambia mwenye mbwa arudi kwa mpasuaji.

Binti_wa_Koko:

Nimerudi kutoka kliniki. Ni ile kano, imekatika, na pia iko daraja la 3. Amepewa dawa ya maji ya mbwa na atapigwa eksirei akiwa amelazwa usingizi, kisha wapange upasuaji. Dkt_Kwato na Nyayo, Mungu awabariki. Amelala sasa.

Dkt_Kwato:

Pole na hongera kwa kuwahi. Waambie wampime damu ya figo na ini kwanza kwa umri wake, na umwulize daktari kuhusu muda wa kufunga chakula. Mbwa wa kilo 3 asikae njaa muda mrefu kabla ya dawa ya usingizi, sukari yao hushuka haraka, na mwili hupoa haraka.

Kibanda_cha_Maltese:

Swali la mwisho kutoka kwangu. Nina jike wa Maltese, daraja la 1, hana dalili yoyote, ni mzuri sana na mtulivu. Kila mtu anataka mtoto wake. Kwa kuwa ni la 1 tu, naweza kumzalisha mara moja na dume asiye na tatizo?

Dkt_Kwato:

Hapana, usimzalishe. Daraja la 1 kwake linaweza kuwa la 3 kwa mtoto, kwa kuwa vinasaba vingi vinahusika na havihesabiki kwa kumtazama mama. Marekani kuna Orthopedic Foundation for Animals, ambao hutoa cheti cha magoti kwa mbwa aliyechunguzwa na daktari akiwa na miezi 12 au zaidi. Umri huo una sababu: mtoto wa miezi mitano mwenye magoti mazuri bado anaweza kubadilika. Kwa hiyo hata dume huyo, uliza alichunguzwa lini na nani, amesimama na amelala, magoti yote mawili. Uliza ndugu zake wa tumbo moja, na watoto aliokwisha kuzaa. Kama wawili watatu kati yao wanarukaruka kwa miguu mitatu, yeye naye muache hata kama cheti chake ni safi.

Kibanda_cha_Maltese:

Nimekuelewa daktari. Wiki ijayo anafungwa kizazi, na nitaomba wampime magoti tena akiwa usingizini.